Mlima wa Gia ya Pili

Jumanne ya pili ya mwezi wa saba mwaka jana, saa nne asubuhi, Dereva alifariki nyumbani kwake, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka duka langu la kompyuta hapa Sosiot. Hakuwa baba yangu wala mjomba wangu. Hatukuwa kabila moja, hatukusali kanisa moja, na kwenye mazishi nilikaa nyuma na wanawake walioniuliza marehemu alikuwa nani kwangu. Nikasema alikuwa mteja. Hiyo ni kweli, ila si kweli yote.

Jina lake la ubatizo nililisoma siku hiyo kwenye karatasi ya ibada. Sitaliandika, maana sikuwahi kulitumia. Kila mtu alimwita Dereva, hata wale waliozaliwa baada ya yeye kuacha kazi. Mimi nilimwita Mzee. Yeye aliniita Mama Kompyuta.

Jambo la kwanza ambalo mtu yeyote hapa angekuambia juu yake ni kwamba Dereva alikuwa hapandi gari. Aliendesha lori la majani chai kwa miaka mingi, kutoka vituo vya wakulima hadi kiwandani, halafu akaacha, na tangu hapo akawa mtu wa miguu. Kericho mjini alienda kwa miguu. Binti yake alipoolewa Bomet, alitoka nyumbani siku mbili kabla ya wengine, na viatu vya harusi amevibeba kwenye mfuko wa plastiki. Watu wa boda walikuwa wanamtania pale sokoni.

"Dereva, panda nikubebe bure!"

"Jibebe wewe kwanza," anajibu bila kugeuka.

Na mtu huyohuyo, ukimweka mbele ya mashine yangu, humwondoi.

Duka langu ni chumba kimoja: kompyuta tatu, printa, mashine ya kopi na ya lamineti. Nilisoma hadi kidato cha pili. Mengine nimefundishwa na kazi. Mwaka juzi, msichana anayesoma chuo kikuu kule Kabianga aliharibikiwa na laptop yake, akawa anakuja kufanyia mradi wake kwangu. Aliweka kwenye kompyuta ya dirishani programu ya kuigiza uendeshaji wa vyombo. Magari ya kila aina, matrekta, meli, mashua, ndege. Unachagua chombo, unachagua barabara au bahari au anga, unapanga mzigo na mvua na mteremko, halafu unaendesha kwa kibodi. Si mchezo wa kushindana, hakuna anayekupa alama. Msichana alikuwa anaandika juu ya uzito wa mizigo milimani.

Siku Dereva alipokuja mara ya kwanza, alileta ukurasa wenye picha wa leseni yake ya zamani nimfanyie lamineti. Nikamwuliza ya nini na iliisha muda kitambo.

"Hata karatasi inazeeka," akasema.

Nilipokuwa nangoja mashine ipate moto, lori la msichana likapinduka kwenye skrini, magurudumu yakabaki yakizunguka hewani. Dereva alikuwa mlangoni. Macho yake yalishaingia ukungu, na kutoka pale asingeweza kuona kitu. Akasema, "Huyo ametoa gia."

Msichana akageuka. "Umejuaje, mzee?"

"Injini imenyamaza. Lori ikishuka, injini haifai kunyamaza."

Tangu siku hiyo akawa anakuja saa nane mchana, wakati duka limelala. Alikaa upande, uso karibu ugusane na skrini, maana alikuwa akiona vizuri zaidi kwa kona ya jicho la kushoto. Vidole vyake vilikuwa vinene kuliko vitufe vya kibodi. Akibonyeza kimoja anabonyeza vitatu. Wiki ya tatu akaja na usukani. Usukani wa kweli, mweusi, wa lori kuukuu, umezungushiwa ukanda wa mpira wa tyubu. Akauweka mapajani. Yeye akawa anazungusha, mimi natazama mikono yake na kubonyeza vitufe. Hivyo ndivyo tulivyoendesha, yeye mikono na mimi vidole, karibu mwaka mzima.

Kitu alichotafuta kwanza katika kila chombo kilikuwa honi. Alipiga honi kwenye kila kona, hata jangwani ambako programu haikuwa imeweka kiumbe. Mashua haikuwa na honi, akakataa kuiendesha.

"Hii ni kuingia boma ya watu bila hodi," akasema.

Ndege nayo haikuwa na honi, lakini ndege alijilazimisha, kwa sababu alitaka kuona kwetu kutoka juu. Nikamweleza kwamba nchi ya ndani ya kompyuta imetungwa tu, hakuna Kericho humo. Hakuamini. Tuliruka wiki nzima tukipita juu ya milima, maziwa na miji yenye taa. Kila tukiona kijani ananiambia nishuke.

"Ni chai?"

"Ni msitu, Mzee."

"Na kule?"

"Nyasi."

Akaachilia usukani. "Nchi yote hii hakuna chai. Hawa watu wanakunywa nini?"

Bahari ilimsumbua zaidi. Hakuwahi kuiona, maji makubwa aliyoyajua ni ziwa kule Kisumu, tena kwa mbali. Alipenda ile meli ndefu ya mizigo mpaka siku aliponiambia niisimamishe. Nikazima injini. Meli ikaendelea kwenda. Tukangoja. Akaniuliza kama nimebonyeza. Nikamwambia nimebonyeza.

"Kwani haina breki?"

"Msichana anasema meli haina. Unazima mapema, inasimama ikitaka."

"Basi nahodha analala na hiyo kila siku," akasema. Hakuomba meli tena.

Nisimfanye mtakatifu. Alikuwa mkali kwa watu ambao hawakumkosea. Msichana wa Kabianga alimlisha biskuti zake mwaka mzima, na bado alimwambia mbele ya wateja kwamba anaendesha kama mtu anayefukuza kuku. Alikuwa mzee wa kanisa, lakini nikimwuliza kama amekunywa dawa ya presha, anasema ndiyo na mimi naiona kwenye mfuko wa koti. Tena alikuwa na majivuno ya kimyakimya. Aliwahi kunihadithia kwamba enzi zao kiwandani, asubuhi kabla ya malori kutoka, madereva walipangwa mstari, na aliyerudi jana na dizeli nyingi kwenye tanki alitajwa jina mbele ya wenzake. Hakupewa chochote, alitajwa tu. "Mimi nilitajwa sana," akasema, na mgongo ukanyooka.

Neno lake kubwa lilikuwa "usiongeze." Wakati wa kupakia, wakulima walimsihi achukue gunia moja zaidi, na jibu lake lilikuwa hilo. Majani yaliyonyeshewa, alisema, yanabeba maji ambayo hakuna aliyeyapima. Neno hilo alilitumia kwa kila kitu. Nikimwekea sukari: usiongeze. Msichana akisimulia habari za chuo na kuzitia chumvi: "Usiongeze. Sema ile ilikuwa." Mimi nilimpenda kwa hilo. Nimeishi na watu wengi wanaoongeza.

Kila mtu Sosiot alijua kwa nini aliacha kazi. Alikuwa akirudi kiwandani na mzigo, mvua inanyesha, kwenye ule mteremko wa udongo wa murram unaoshuka mtoni. Breki zikakatika, lori likaanguka. Yeye alitoka na mkono uliovunjika. Karani wa mizani, aliyepima majani ya wakulima na kukaa naye mbele, alikufa palepale. Karani alikuwa mtu wa kutoka upande wa ziwa, ameoa, ana mtoto mmoja. Kiwanda kiliandika kwamba ni breki. Mjane, Mama Akinyi, alihamia Soin, na watu wanasema yeye mwenyewe ndiye alikuwa akimfariji Dereva wakikutana sokoni. "Si wewe, Dereva. Ni breki." Hadithi ilikuwa imekaa hivyo miaka yote.

Mwezi wa tatu mwaka jana, siku ya mvua, Dereva aliingia amelowa, akakaa, akasema, "Leo tutengeneze mlima."

Msichana alikuwepo, amekuja kuchapisha mradi wake. Dereva akamtajia kila kitu kama mtu anayesoma ukutani. Kona ya kwanza kulia, ya pili kushoto kali, ukingo hauna mawe. Murram iliyolowa. Chini daraja, ng'ambo ya daraja mwinuko mfupi. Lori la tani saba, limejaa. "Majani ya mvua," akasema. "Ongeza maji." Ndiyo mara pekee niliyomsikia akisema ongeza.

Msichana akapanga. Ilichukua karibu saa moja.

"Sasa breki toa."

"Breki zote, mzee?"

"Zote. Hakuna breki. Weka nyutro, gia isishike."

Nikaanza. Injini ikanyamaza, lori likashuka likichukua kasi. Kona ya kwanza tukapita. Ya pili, alizungusha usukani kushoto kwa nguvu zake zote, mimi nimekandamiza kitufe, lori likalala na kubingirika hadi mtoni. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesalimiwa na anayemfahamu.

"Rudi juu. Mlima ni huohuo, breki hakuna. Lakini sasa weka gia ya pili."

Nilielewa wakati huo. Msichana hakujua lolote, lakini mimi nilielewa, nikabonyeza. Lori likaanza kushuka likilia, injini ikilizuia, ule mlio mzito ambao sisi wa huku tunausikia kila jioni malori yakirudi. Kona ya kwanza. Kona ya pili tukaipita polepole, nyuma ikateleza kidogo, ikarudi. Tukavuka daraja, tukapanda ule mwinuko, na injini ikazimika yenyewe.

Kimya. Yeye hakuweza kuona. Akageuza uso upande wangu.

"Imesimama ama imelala?"

Nilitaka kusema imelala. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Ningelisema, angeenda nyumbani akiwa mtu ambaye siku ile hakuwa na la kufanya, na nani angejua? Lakini alikuwa ameniamini niwe macho yake mwaka mzima.

"Imesimama, Mzee."

"Wapi?"

"Ng'ambo ya daraja."

"Rudia."

Tulirudia mara tano. Mara tano nikasema imesimama. Msichana akaona uso wake, akavuta kiti karibu. "Mzee, hii ni hesabu tu ya kompyuta. Lori ya kweli iko na mambo mengi. Huwezi kuichukua kama ushahidi."

"Najua, msichana wangu. Mashine haijaniambia kitu mpya." Akapitisha kiganja kwenye ule mpira wa usukani. "Tulikuwa tunatoa gia kwa mteremko, iteremke yenyewe, dizeli ibaki. Madereva wote. Breki zilikatika, hiyo ni kweli. Lakini mimi nilikuwa nimetoa gia kule juu, na ikishachukua kasi gia hairudi tena. Nilijaribu, ikakataa. Nilipenda kutajwa."

Msichana alihifadhi ule mlima kwenye kompyuta. Aliupa jina: Mlima wa Gia ya Pili. Bado uko.

Wiki iliyofuata Dereva alikuja asubuhi, si saa nane, amevaa koti la kanisani. Akaniuliza kama ninaweza kumsindikiza Soin kwa Mama Akinyi. Nikasema ni mbali kwa miguu, na miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba.

"Itisha gari," akasema.

Nilifunga duka. Mwenye gari la kukodi alimtazama, akanitazama mimi, akafungua mlango wa mbele. Barabara ya kwenda Soin inateremka sana, baridi ya chai inakuacha ghafla na joto linakupokea. Njia nzima mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu, mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kukanyaga.

"Bwana, shuka na gia," akamwambia mwenye gari.

"Mzee, hii ni otomatiki. Inajiwekea."

"Basi ikumbushe."

Mama Akinyi alikuwa uani akichagua maharagwe kwenye ungo. Ni mama mnene, mtulivu. Aliangalia gari, kisha akamwangalia yeye.

"Dereva. Umepanda gari?"

"Nimepanda."

"Basi kuna jambo. Kaa."

Hakukaa. Alisimama ameshika kofia, akasema yote, polepole, kwa Kiswahili chake kizito, bila kuongeza. Kwamba breki zilikufa. Kwamba alikuwa ametoa gia. Kwamba gia ingewashika.

Mama Akinyi hakuacha kuchagua. "Miaka hiyo yote nimekuambia si wewe."

"Ndiyo."

"Na wewe unaitikia."

"Nilikuwa naitikia."

Mkono wake ukasimama juu ya ungo. "Yeye alisema nini? Mwisho."

Dereva akajibu. "Alisema, 'Dereva, weka gia.' Alisema kule juu, kabla hatujashika kasi. Nikamjibu ashike mizani yake, gari aniachie mimi."

Mama Akinyi akainuka, akamwaga maharagwe yote, mazuri na mabovu, ndani ya debe. Nyuma yake jikoni chai ilikuwa inachemka. Sote tulisikia harufu ya majani na maziwa.

"Mwende," akasema. "Leo sina chai."

Tulipanda tukarudi. Tulipofika Sosiot, Dereva alishuka kwa taabu, akaniambia "kongoi", yaani asante kwa lugha yake, akaniomba nikae na usukani. Hakuja dukani tena. Saa nane ikifika nilikuwa natazama mlango, nikijua hatakuja. Nilijiuliza sana kama nilifanya vibaya kusema imesimama. Baadaye nikasikia moyo wake umechoka, maji yamepanda hadi kifuani, na hospitali wamemrudisha nyumbani.

Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa saba, Mama Akinyi aliingia dukani kwangu peke yake, na mkoba mkononi. Hakusalimu.

"Wewe ndiye ulikuja naye. Nionyeshe hiyo mlima."

Sikuuliza alisikia wapi habari za mlima. Nikafungua. Aliomba nianze na ile ya nyutro. Lori lilipobingirika akaweka kidole kwenye skrini.

"Ni hapa?"

"Sijui, mama. Mimi sikuwepo. Hii ni vile yeye alikumbuka."

"Sasa ile nyingine."

Nikaweka gia ya pili. Aliusikiliza ule mlio hadi ng'ambo ya daraja, hadi kimya. Akasema, "Tena." Nikarudia. Kisha akaona usukani kwenye rafu. Akauchukua, akauweka mapajani, akauzungusha kidogo kushoto, akaurudisha.

"Alikuwa anakuja hapa kila siku?"

"Karibu kila siku."

"Akienda na hii mlima?"

"Hapana. Alizunguka kwingine kwanza. Baharini, hewani. Mlima alikuja nao mwisho."

Akafunga mkoba. "Mwambie nimeona."

"Nimwambie hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Jumamosi nilitembea hadi kwa Dereva. Mke wa mwanawe alinikaribisha, akaniingiza chumbani. Dereva alikuwa amelala akiinuliwa na mito mitatu, anapumua kama mtu anayepanda. Alinijua kwa hatua kabla sijafungua mdomo.

"Mama Kompyuta. Umefunga duka?"

"Nimefunga kidogo. Mzee, Mama Akinyi alikuja jana."

Mikono yake ikatulia juu ya blanketi.

"Alitaka kuona mlima. Nikamwonyesha safari zote mbili. Amesema nikuambie ameona."

"Amesamehe?"

"Hakusema."

"Alisema nini tena?"

Nilifikiria vile mama alivyoushika ule usukani. Ningeweza kutengeneza kitu kutokana na hapo. Pengine hata kingekuwa kweli.

"Aliuzungusha usukani wako kidogo," nikasema. "Labda…"

"Usiongeze," akasema Dereva.

Nje mvua ilikuwa imekatika na majani yalikuwa yanadondosha maji. Lori la kiwanda likapiga honi kule juu ya barabara, likaanza kushuka. Aliinua kidole nisiseme. Tulilisikiliza kona ya kwanza, kona ya pili, likilia, likilia, mpaka chini.

"Iko na gia," akasema.

Akafumba macho. Nilikaa hadi alipolala, kisha nikarudi kufungua duka.